Pedali ya breki inazama? Tubadilishe wili silinda na kutoa upepo nyumbani, Corolla 110

Habari zenu wadau, karibuni tena chini ya mwembe. Leo tuna Toyota Corolla 110, hii yenye diski mbele na dramu nyuma. Mwenye gari analalamika pedali inazama: akipampu inapanda, akiiacha kidogo inazama tena. Na dawa anayoitumia mnaijua, kila wiki anaongeza mafuta ya breki kwenye kikopo, safari inaendelea.

Sasa hapo tuelewane kabla sijashika spana. Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini. Mfumo umefungwa. Kikopo kikishuka, ama pedi za mbele na breki shuu za nyuma zimelika, pistoni zimesogea nje na mafuta yamezifuata huko, ama pana mahali panavuja. Kulika kwa pedi kunashusha kikopo taratibu sana, miezi na miezi. Kinachoshuka kila wiki kinavuja, na wewe unayeongeza tu unaendesha gari lenye breki nusu.

Kwa hiyo kwanza tunatafuta. Fungua boneti, pitisha kidole chini ya masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, pale inapogusana na lile dude jeusi la mviringo, sevo. Pakavu? Sawa. Mipira ya breki ya mbele, ikunje kidogo uone kama imepasuka. Halafu inama uangalie ukuta wa ndani wa kila tairi. Dogo, sogeza kamera hapa nyuma kushoto. Mnaona? Kuna michirizi inayong'aa, vumbi limegandia. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, nyuma hakuna difu wala oili ya difu, kwa hiyo unyevu huu hauna pa kutoka zaidi ya wili silinda, kile kijipipa kinachosukuma breki shuu ndani ya dramu.

Kama kwako magurudumu yote manne ni makavu, washa injini, kanyaga pedali uishikilie kwa nguvu ileile bila kupampu. Ikiendelea kushuka polepole, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Kazi hiyo itakuwa na video yake.

Kabla ya kupandisha gari: sehemu tambarare, sakafu ngumu, siyo mchanga. Gia namba moja, au P kama ni automatiki, na mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa sababu handbreki tutaishusha, vinginevyo dramu haitoki. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Pandisha kwa jeki, weka stendi, ushushe gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake sitaki kuiona, na tofali ndiyo kabisa, tofali la saruji linapasuka bila kukuaga.

Tairi limetoka. Dramu ikigoma, msianze kuipiga nyundo kama mnabomoa ukuta. Angalieni usoni kwake, kuna matundu mawili yenye nyuzi. Chukua bolti mbili za mm 8, zifunge humo, zungusha huku kidogo na kule kidogo. Dramu inajisukuma yenyewe. Ikiwa imekaa miaka na kutu, hasa magari ya Dar, Tanga na Mombasa yanayokula chumvi ya bahari, nyunyiza dawa ya kutu katikati pale kwenye habu, usubiri, urudie.

Vumbi lile la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini, ile sehemu ya breki shuu inayosugua dramu, nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe.

Piga picha kwa simu. Siyo utani, hizi springi ukizichomoa bila picha utakesha hapa. Na fungua upande mmoja kwanza, wa pili uwe kielelezo chako.

Sasa tazama kwa karibu. Hiki kijipipa cha juu ndicho wili silinda, ina kofia ya raba kila upande. Naingiza ncha ya bisibisi, nainua ukingo wa kofia… hayo! Mafuta meusi yanadondoka. Kofia ikiwa na unyevu kidogo tu kwa mbali, bado unaweza kujadiliana nayo. Ikimwaga hivi, hakuna mjadala. Wengine hubadilisha raba peke yake. Mimi kwa gari la umri huu nanunua silinda nzima, maana ndani ya bomba lake kwa kawaida kuna vishimo vya kutu, na raba mpya ikipita hapo inachanika mapema. Pia nabadilisha kulia na kushoto pamoja. Ukienda Gerezani pale Dar au duka lolote la spea, beba ile ya zamani mkononi, maana kuna vipenyo tofauti.

Breki shuu zilizolowa mafuta usizikaushe juani ukadhani umepona. Laini imeshakunywa, na ukifunga breki gari litavutia upande mmoja. Nunua seti mpya ya pande zote mbili. Dramu nayo soma maandishi yake: dramu ya kipenyo cha mm 200 kwa kawaida imeandikwa MAX 201, ikizidi hapo haifai hata kwa kuchongwa.

Nati ya bomba la breki tumia spana ya bomba namba 10, ile inayokumbatia nati karibu yote. Spana ya kawaida inakula kona za nati, na kesho unanunua bomba zima. Legeza bomba kwanza, ndipo ufungue bolti za silinda. Ukirudisha, ingiza nati ya bomba kwa vidole mpaka ishike nyuzi vizuri, kisha kaza bolti, kisha malizia nati. Ukisafisha, usitumie petroli wala dizeli karibu na raba, zinavimba. Ni kosa lilelile la kuweka oili ya injini kwenye kikopo cha breki: raba zote za mfumo zinaharibika, mpaka za masta.

Springi zimerudi, kijigurudumu cha meno kinachosogeza shuu nimekizungusha mpaka dramu inaingia na kusugua kidogo sana ikizungushwa kwa mkono. Msiruke hatua hii. Shuu zikikaa mbali na dramu, pedali itazama hata kama hakuna tone la upepo.

Tunatoa upepo ulioingia kwenye mfumo tulipofungua bomba. Mafuta ni ya daraja la DOT 3 kama mfuniko unavyosema, DOT 4 pia inaingia, DOT 5 achana nayo, ile ni silikoni na haichanganyiki na hizi. Kopo liwe jipya. Mafuta haya yanavuta unyevu hewani: DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 140, na ukiteremka mlima mrefu na mzigo ndipo pedali inapotea. Yakidondokea rangi ya gari, mwaga maji mara moja, yanabandua rangi.

Naanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani nimeuchomeka kwenye skrubu ya kutolea upepo, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Chini ya pedali nimeweka kipande cha ubao, isifike sakafuni. Masta ya zamani haijawahi kufika mwisho wa njia yake, kule kuna kutu na uchafu. Ukiizamisha yote raba zinachanika, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya.

Dogo, kanyaga!

"Nimekanyaga, bro."

Shikilia. Nafungua robo… mapovu hayo, mnayaona? Pedali inashuka, asiiachie. Nafunga. Achia sasa, polepole. Rudia mpaka yatoke mafuta masafi bila povu, na mtu aangalie kikopo kisishuke chini ya MIN, kikikauka mnaanza upya.

Tairi zirudi, shusha gari, nati ukaze kwa mpangilio wa msalaba, Nm 103 kama una spana ya kupimia. Washa injini, kanyaga kwa nguvu ushikilie huku dogo anachungulia nyuma. Pakavu. Kisha endesha uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, funga breki mara kadhaa, halafu barabara isiyo na watu. Pedali ikibaki laini, rudi kwenye upepo, usiingie barabara kubwa.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, chungulia tena ndani ya tairi lile na uweke alama ya peni kwenye kikopo. Baada ya wiki mafuta yawe pale pale kwenye alama. Yakiwa yameshuka, niandikieni hapo chini ni gurudumu gani limelowa.