Gonga Chesisi Kwanza: Gharama na Thamani ya Land Rover Kuukuu

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunialika hapa Tononoka jioni hii. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye gari la kale huulizwa sokoni, msikitini, hata harusini: "Bwana, gari hilo mbona huliuzi?" Nitajibu kwa hesabu ya pesa, kwa sababu wengi wetu tunaotengeneza magari haya huificha hesabu hiyo hata mbele ya wake zetu.

Gari langu ni Land Rover 109, Series III, yaani toleo la tatu, la mwaka 1978. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshatumika, akalitia kwenye kazi ya samaki. Alikuwa akitoka Shimoni na Vanga alfajiri, samaki na barafu nyuma, aje Mombasa kabla jua halijapanda. Sasa fikirini. Barafu yayeyuka, maji yachanganyika na chumvi na damu ya samaki, yapenya kwenye viungo vya sakafu, yatulia juu ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Miaka kumi na mitano hivyo hivyo. Ukivuka Likoni, magurudumu yakanyaga mlango wa feri uliolowa maji ya bahari. Kusi likivuma, upepo wenyewe ni chumvi. Sahau spana uani siku mbili, utaikuta imeshaanza kuwa nyekundu.

Kwa juu hamngeona kitu. Bodi ya Land Rover hizi ni aloi ya alumini, na hilo lina sababu yake. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakalivika gari lao alumini. Chesisi ilibidi iwe ya chuma, lakini hawakuwa na mitambo mikubwa ya kukandamiza bati, basi wakakata vipande bapa, wakavichomelea kingo kwa kingo mpaka vikawa boksi refu. Kutu huanzia ndani ya boksi hilo, mahali ambapo jicho halifiki. Na pale alumini inapogusana na chuma, chumvi ikiingia kati, alumini ndiyo huliwa. Hugeuka unga mweupe kama chokaa, ukiupangusa kwa kidole waanguka.

Mimi nililijua hilo kwa kuumia. Baba alipofariki nilipeleka gari kwenye gereji moja, sitaitaja. Nikasema nataka gari la mzee lirudi kama zamani. Walilipaka rangi ya kijani ikapendeza, viti vikashonwa upya, nami nikalipa kwa furaha. Mwezi wa tatu, nikipanda kutoka kwenye feri upande wa Likoni, nikasikia mlio kama gogo linavunjika. Nyuma kulia kukalala. Kishikio cha springi kilikuwa kimeng'oka na kipande cha chesisi. Niliposhuka kutazama, nikaona puti na lami juu ya matundu ambayo ngumi ingeingia. Watu wa nyuma yangu wapiga honi, vijana wa feri wakanisaidia kulisukuma pembeni, na mimi nimesimama pale nimeshika kipande cha chuma laini kama biskuti iliyoingia chai.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa Majengo, ambaye ujana wake alijenga majahazi kabla hajageukia magari. Hakufungua boneti. Alilala chini kwenye mkeka, akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia ngo. Kilichooza hulia bu, kama dafu lililokauka. Kila penye bu alitia alama ya chaki. Alipomaliza, nusu ya nyuma ilikuwa nyeupe kwa chaki. Akaniambia: "Mwanangu, hii ndiyo mkuku. Mkuku ukioza, utapaka rangi ubao gani?" Mkuku ni ule ubao mkuu wa chini unaobeba chombo kizima. Kisha akataja msemo wa mabaharia: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ninyi watoto wa pwani mwaijua ngama, kule chini ya chombo maji yanakokusanyika. Ngama ya gari ni chesisi.

Kazi yake ilichukua majuma saba. Alikataa kubandika bati juu ya kutu. Alikata mpaka akafika kwenye chuma kinacholia ngo, ndipo akachomelea bati la milimita 3 mahali pa lile la 2. Boriti ya nyuma aliitengeneza nzima. Akatoboa tundu za kutolea maji chini ya kila boksi, akapaka rangi ya zinki, akamimina oili nzito ndani na kuligeuza gari kwa jeki huku na huku ienee. Kila alumini ilipokalia chuma aliweka ukanda wa mpira. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kulifikiri: gari lililoundwa na watu wasio na mitambo, kwa bati bapa na kuchomelea, laweza kutengenezwa na mtu asiye na mitambo, kwa bati bapa na kuchomelea. Fundi wetu wa jua kali hafanyi kazi ya kubahatisha hapo. Afanya kazi ile ile iliyofanywa kiwandani.

Jambo moja tu muhimu la karatasi: namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na springi. Msimruhusu mtu kuisaga wala kuikata. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, na ikipotea mna gari lisilo na jina. Mkibadilisha injini au rangi, pelekeni habari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mapema.

Haya, pesa, kwa shilingi. Chesisi, 140,000. Injini, yaani kuchonga silinda, pistoni, ringi na kusaga valvu, 180,000. Breki zote na mabomba yake, 60,000. Nyaya za umeme, 35,000. Magurudumu matano, 75,000. Rangi, safari hii mwisho kabisa, 90,000. Jumla 580,000, na sijahesabu zile za gereji ya kwanza, ambazo zilipotea. Mnunuzi wa juu kabisa aliyenijia baadaye alitoa 450,000. Kwa hivyo anayetaka kutengeneza gari kuukuu ili apate faida, namwambia wazi asianze.

Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu. Kabla ya kazi, mnunuzi wa chuma chakavu aliniahidi 60,000. Kwa pesa hiyo nisingepata hata pikipiki nzuri. Na gari lile likishakatwa halirudi, kwa maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Land Rover za umri huu zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, kila moja ikiyeyushwa zapungua. Langu sasa lapanda mchanga wa Msambweni na matope ya Lunga Lunga wakati wa masika, lapakia nazi na mawe ya ujenzi, na likinikwamia njiani nalifungua kwa spana nne nilizo nazo chini ya kiti. Hiyo ni kazi, nami nailipia.

La pili naliweka moyoni zaidi. Katika majuma yale saba, mzee alikuwa na vijana wawili. Mmoja hakujua kushika fimbo ya kuchomelea alipoanza. Mwisho alishona mshono wa chini ya chesisi, amelala chali, cheche zamwangukia kifuani, na mzee akaugonga ule mshono akatabasamu. Kijana yule leo ana banda lake Changamwe. Sehemu ya zile 140,000 ilikuwa ada ya masomo yake, na sijuti hata shilingi.

Wenye gari kama hili nyumbani, na najua mko, kwa sababu nimeona matairi yenye matope huko nje, msianze na rangi. Langu liko pale chini ya mwembe. Nyundo ya mzee iko kwenye kiti cha mbele, alinirithisha. Tukitoka hapa, aje anayetaka alale chini agonge mwenyewe, aanzie nyuma kulia. Halafu tukagonge lake.