Makonyo, koga na mbegu zisizoota

Asalaam aleikum wazee wangu, nanyi vijana mliokatisha kazi zenu kuja kunisikiliza hapa Wete.

Nimekuja na visahani viwili. Naomba vipitishwe, kila mtu atazame mwenyewe. Vyote nimevitandika pamba na kutia mbegu 20 za mchicha siku 5 zilizopita. Cha kwanza nilikirowesha kwa maji ya kisima, miche imeshasimama. Cha pili nilikirowesha kwa maji niliyochemshia makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, mpaka yakawa kama chai ya rangi. Mbegu zimevimba, zimepasuka kidogo, basi. Ukiiminya moja kwa kucha utakuta kizizi cha kahawia, kimesinyaa kama kilichopitiwa na moto.

Aliyekichoma hasa ni yujenoli, kemikali kali iliyomo kwenye karafuu. Karafuu iliyoanikwa vizuri ina mafuta gramu 15 hadi 20 katika kila gramu 100, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Makonyo yana mafuta machache zaidi, lakini yujenoli ni ile ile. Kila chembe hai imefunikwa na utando mwembamba sana. Yujenoli ikiuingia, utando unalegea na vya ndani vinavuja. Uzi wa koga una utando huo. Kizizi kinachochungulia kutoka kwenye mbegu nacho kinao.

Hapo ndipo nilipoharibu mimi. Nilipoanza kazi, mama mmoja alikuwa akisumbuliwa na miche kuoza shina kitaluni. Nikamshauri aroweke mbegu za bilingani usiku kucha katika maji mazito ya makonyo. Koga kweli haikuonekana, na bilingani pia halikuonekana. Alinipeleka kwenye kitalu kitupu, akaniambia, "Mwanangu, msimu ndio huo umekwenda." Neno lile sijalisahau.

Kwa hiyo naumia nikisikia watu wakisema dawa ya miti haidhuru kwa kuwa ni ya asili. Mwaka 1977 huko California, mtaalamu mmoja aliona majani hayaoti vizuri chini ya mti mmoja wa mapambo, wenye maua kama brashi. Kiini kilichopatikana kwenye mti ule ndicho kilichofungua njia ya mesotrioni, dawa ya magugu inayopigwa leo kwenye mashamba ya mahindi.

Nguvu hiyo ina mahali pake. Marekani mafuta ya karafuu hufukizwa kwenye maghala ya mbatata ili zisichipue, na Uholanzi tangu miaka ya 1990 wametumia karvoni, inayotoka kwenye kisibiti. Ni mbatata za kula hizo. Za mbegu zitengwe mbali. Na mahindi yakishaota koga, karafuu haiondoi sumukuvu, yaani sumu ya koga, iliyokwisha kuingia. Yakausheni mapema, kabla koga haijaingia, unyevu ushuke hadi asilimia 13.

Sasa, anayetaka kutumia maji ya makonyo shambani asianze na kitalu. Achukue visahani vitatu: kimoja maji matupu, kimoja maji ya makonyo kama yalivyo, kimoja yaliyozimuliwa mara kumi. Mbegu 20 kila kisahani, za zao lile lile analotaka kupanda. Siku ya 5 azihesabu. Makonyo yapo mezani, mbegu zipo, pamba ipo. Kila mmoja achukue fungu lake kabla hajatoka, na Jumamosi ijayo tukutane hapa na hesabu zetu.