Kijiji kilichonunua baa yake

Haya ndugu zangu, wale wa nyuma sogeeni huku mbele tusipigizane kelele. Nimeambiwa niongelee baa za vijijini hapa Uingereza, maana wengi wetu tuko huku miaka na bado tunazijua kwa nje tu, unapita na gari unaona kibao kimechorwa simba mwekundu au kulungu mweupe, basi. Vile vibao vina historia bwana, mwaka 1393 Mfalme Richard II aliamuru wauza pombe waweke alama nje, na kwa vile wengi hawakujua kusoma picha ndo ikawa jina. Huyo kulungu mweupe alikuwa nembo ya mfalme mwenyewe, kwa hiyo ukiona White Hart ujue kuna mtu alijikomba zamani (kicheko).

Sasa twende Hesket Newmarket, kijiji kidogo kule Cumbria, kaskazini. Baa yao inaitwa Old Crown. Mwaka 2003 wanakijiji zaidi ya 100 wakanunua hisa, baa ikawa mali ya ushirika, na inatajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini. Hata kile kiwanda kidogo cha bia kilichoko bandani nyuma ya baa walishakichukua kwa staili hiyo hiyo 1999, na bia zake kadhaa zimepewa majina ya milima ya pale pale.

Mtu atauliza, hangaiko lote hilo la nini? Jamani, kijijini huku duka likifungwa na posta ikaondoka, basi lenyewe linapita kwa kubahatisha, baa ndo baraza iliyobaki. Mfugaji wa kondoo, mwalimu mstaafu, fundi bomba, wote kaunta moja. Na bia ya supamaketi ni rahisi zaidi, mtu anakunywa kwake mbele ya tivi, baa inakosa wateja, inauzwa, inageuzwa nyumba ya kuishi, imeisha hiyo. Ndo maana sheria ya 2011 inaruhusu wanakijiji kuiandikisha baa kama mali yenye faida kwa jamii, na ikitangazwa kuuzwa wanaweza kupewa miezi 6 ya kuchangishana, ingawa mwenye mali halazimiki kuwauzia wao, hapo mi naona sheria imewaachia njiani.

Mkienda, msikae mezani mkisubiri mhudumu, nenda kaunta ulipe hapo hapo. Bia ya pipa inavutwa kwa mkono, haina gesi nyingi wala sio baridi ya friji, ni kama nyuzi 12 hivi, msiseme imeharibika. Painti moja ni mililita 568, nusu pia unapewa. Mwenzio akinunua raundi na wewe yako inakuja, usijifanye unaenda chooni. Mbwa wa watu watalala miguuni kwenu, zoeeni.

Dada ameuliza kuhusu wasiokunywa pombe. Nendeni tu, soda na chai zipo na chakula kipo, ila pigeni simu kwanza maana majiko mengi yanafungwa saa nane mchana mpaka jioni, na huko porini hakuna pa kununua hata chipsi.