Usimamizi wa Darasa Huanza Kabla ya Kosa: Mhadhara kwa Walimu Wapya, Tanga

Walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, shikamooni. Walimu wenzangu mlioripoti kazini mwaka huu, pamoja nanyi wanachuo mlio katika mazoezi ya kufundisha, habari za mchana. Nimeombwa nieleze msimamo wangu juu ya usimamizi wa darasa. Mimi mwenyewe bado ni mgeni katika kazi, nafundisha Hisabati kidato cha kwanza katika shule ya kata hapa Tanga. Kwa hiyo nitasema ninayoyatenda na sababu zake, na wazee wa kazi watanikosoa wakati wa maswali.

Naamini kwamba darasa husimamiwa kabla kosa halijatokea. Mwalimu anayengoja kelele zianze ndipo azitafutie dawa, hata awe mkali namna gani, atakimbizana nazo mwaka mzima. Wazo hili si langu peke yangu. Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alichambua video zilizorekodiwa madarasani, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 alionyesha kwamba namna mwalimu anavyokaripia haielezi kwa nini darasa hili limetulia na lile lina vurugu. Tofauti ilitokana na yale ambayo mwalimu ameyafanya mapema: kuliona darasa zima na kuwafanya wanafunzi wajue kwamba anaona, kushughulikia mambo mawili kwa pamoja bila moja kulala, na kuwatoa wanafunzi katika shughuli moja na kuwaingiza katika nyingine pasipo kuwaacha wakizubaa katikati.

Hilo la mwisho ndilo hutushinda wengi. Tazameni kipindi cha dakika 40. Mwalimu anaingia, wanafunzi wanasimama, wanamwamkia, wanakaa. Kisha anafuta ubao uliojaa maandishi ya somo lililopita, anatafuta chaki, anaita majina moja baada ya jingine. Robo ya kipindi imekwenda na darasa zima halijapewa kazi hata moja. Wakianza kuzungumza, wa kulaumiwa ni nani? Darasani kwangu ubao hufutwa na mwanafunzi wa zamu kabla sijaingia, na upande wake wa kushoto huwa yameandikwa maswali mawili ya marudio, ambayo monita ameyanakili kutoka katika karatasi niliyomkabidhi asubuhi. Tukishaamkiana, kila mmoja anashika kalamu. Mahudhurio nayachukua wakiwa kazini, kwa kutazama tu nafasi zilizo wazi, maana kila mwanafunzi ana mahali pake pa kudumu. Utaratibu huo haukuja kwa kutangazwa. Tuliufanyia mazoezi mwanzoni mwa muhula kama tunavyofanyia mazoezi kanuni za aljebra, tukakosea na kurudia, hadi ukawa mazoea.

Mtaniambia kwamba haya yanawezekana katika darasa dogo. Kiwango cha serikali kwa sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa, nasi sote tunajua jinsi uandikishaji ulivyopanda baada ya ada kufutwa mwaka 2016. Mimi naona kinyume: darasa dogo lisilo na utaratibu linaweza kuvumilika, ila kubwa haliwezi.

Sasa niseme juu ya kimya, kwa sababu tumezoea kukihesabu kuwa nidhamu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha anayoizungumza nyumbani, sokoni na baharini. Ghafla anaulizwa kwa Kiingereza ajibu kwa Kiingereza. Darasa hilo litakuwa kimya kabisa, na mkaguzi akipita dirishani atalisifu. Lakini kimya hicho kimetokana na woga, na baada ya majuma machache hugeuka kuwa minong'ono ya nyuma, kwa kuwa mtu asiyeelewa kinachoendelea mbele hujitafutia shughuli yake. Mary Budd Rowe, mtafiti mwingine wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Kwa mtoto anayefikiri kwa lugha moja na kutafuta maneno ya nyingine, mimi nasubiri zaidi ya hapo, na kabla sijamtaja yeyote nawapa nafasi ya kushauriana na jirani kwa Kiswahili. Hapo panakuwa na sauti, tena nyingi. Nazihitaji.

Liko suala la wachelewaji. Wanafunzi wetu wanaotoka upande wa Tongoni, barabara ya Pangani, wanategemea daladala, na konda anayejua kwamba mwanafunzi hulipa nauli pungufu humwacha kituoni akamchukua mtu mzima. Mtoto huyo akifika, tunamsimamisha mlangoni, tunamhoji mbele ya wenzake, naye anajieleza huku darasa likicheka; somo limekatika kwa ajili ya wote. Mimi nimeacha dawati moja karibu na mlango. Anayechelewa huingia bila kubisha, hukaa hapo, huanza na maswali ya ubaoni, na maelezo yake nayasikiliza kipindi kikiisha. Yuko mzembe anayeitumia nafasi hiyo vibaya, nami humjua upesi, kwa sababu dawati lile halifichi mtu.

Jambo jingine ni orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, monita huandika majina, na mwalimu akirudi waliotajwa huadhibiwa. Sote tumepitia orodha hiyo, na sote tunajua kwamba rafiki wa monita hakuandikwa na asiyemgawia mhogo aliandikwa mara mbili. Nimeifuta. Nikiitwa ofisini, monita huniandikia kitu kimoja: darasa limefika swali la ngapi. Umonita wenyewe hupokezanwa kila wiki, wasichana kwa wavulana.

Na viboko? Ndugu zangu hunikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Basi na tuisome sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Haizidi viboko vinne. Huandikwa katika daftari. Na msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kwa hiyo fimbo tunayoingia nayo darasani pamoja na chaki, tukamchapa aliyekosa jibu au aliyegeuka nyuma, haimo humo. Binafsi sibebi fimbo hata kwa hayo yanayoruhusiwa, kwa sababu mtoto anayeogopa mkono wangu hanionyeshi daftari lake lenye makosa, na mimi kazi yangu iko katika makosa hayo.

Makosa mazito hata hivyo yapo, nayo yanamhitaji mzazi. Mzazi wa Ngamiani au Makorora akiona simu ya mwalimu hushtuka kwanza, kwa kuwa hatujawahi kumpigia kwa jema. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka nawapigia wachache kila wiki kueleza jambo zuri ambalo mtoto amelifanya, hata dogo: ameelewa hesabu za sehemu, amemsaidia mwenzake. Baadaye, likitokea la kuitana shuleni, mama au baba huyo huja tukakaa upande mmoja wa meza.

Nimemaliza. Tupokee maswali, na tuanze na mwalimu wa pale nyuma, ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja viboko.