Utitiri Akinyimwa Siku za Kuzaa

Ndugu wafugaji wenzangu, nimekuja kuzungumza juu ya mdudu mmoja: utitiri varoa. Ni wa kahawia iliyoingia wekundu, bapa kama kaa, na upana wake ni milimita moja na nusu hivi. Msimdharau. Kwa mwili wa nyuki, ni sawa na mtu kubebeshwa kupe mwenye ukubwa wa sahani, anayemla mafuta ya mwilini huku akimwambukiza virusi vinavyokunja mabawa.

Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa huko. Karne iliyopita akawahamia nyuki wa jamii tunayofuga sisi, akaenea Ulaya, akafika Marekani mwaka 1987. Kule, kundi lisilotiwa dawa kwa kawaida hufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Basi alipogunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, tulijiandaa kwa msiba. Msiba haukuja. Watafiti walizunguka Kenya, wakamkuta karibu kote isipokuwa maeneo ya mbali kaskazini, wala hawakuona makundi yakidhoofika kwa sababu yake.

Kwa nini? Hapa naomba tukae kidogo.

Utitiri hazai mgongoni mwa nyuki. Huzaa ndani ya chumba cha sega. Hujipenyeza muda mfupi kabla vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, hawajakiziba kwa nta, husubiri kama siku mbili na nusu, ndipo hutaga yai la kwanza, la dume. Mayai ya majike hufuata, moja kila baada ya saa 30 hivi. Nyuki mchanga akishatoboa na kutoka, binti wa utitiri ambaye hajakomaa hufa palepale. Kibarua wa Ulaya hukaa ndani siku 12 hivi. Wa kwetu hutoka mapema kidogo, na saa hizo chache humpunguzia utitiri uzao.

Kuna usafi pia, na huu ndio unaonistaajabisha kuliko yote. Katika giza la mzinga, kibarua hunusa kupitia nta akajua kwamba majana, yaani nyuki wachanga wanaokua ndani ya sega, ya chumba kile yana kasoro. Hutoboa, wenzake wakamsaidia, wakalitoa buu na kulitupa. Mama utitiri huenda akaponyoka, lakini watoto wake wamekwisha.

Na ile tabia inayotuudhi, kundi kuhama na kutuachia masega? Utitiri waliozibwa ndani ya majana hubaki nyuma. Kule kundi linakohamia hakuna majana kwa siku kadhaa, kwa hiyo wale waliong'ang'ania nyuki hawana pa kuzalia.

Ndiyo maana nawasihi msikimbilie dawa wala malkia wa kuagiza ng'ambo. Dawa ikimwokoa nyuki dhaifu, udhaifu wake unabaki kwenye mbegu. Afrika Kusini utitiri alionekana mwaka 1997. Mwanzoni makundi yalipotea, wafugaji wengi hawakutia dawa, na baada ya miaka michache nyuki wakamhimili.

Hapa nina kipande cha sega chenye majana ya madume. Hao huzibwa siku nyingi kuliko vibarua, kwa hiyo utitiri huwapenda zaidi. Sogeeni, nitatoboa chumba kimoja kimoja tuhesabu pamoja.