Nimerudi Mtwara na kemshafti iliyokufa

Haya. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Wa Chikongola, wa Magomeni, wa Mikindani, wa Newala na Tandahimba mnaosubiri mnada wa korosho, na majirani zetu wa Lindi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo siko Ohio. Hizo kelele nyuma yangu ni bodaboda, na huyo anayegonga ni kijana anatoa beringi kwenye guta. Nipo nyumbani Mtwara, gerejini kwa mjomba, likizo ya wiki tatu.

Hiki chuma hapa mezani nimekibeba kwenye begi kutoka Marekani. Kina karibu kilo nne. Uwanja wa ndege waliniweka pembeni wakaniuliza mara mbili, hii ni nini, nikawaambia ni kemshafti, ule mti wenye nundu unaofungua valvu za injini. Wakauliza mpya? Nikasema hapana, imekufa. Yule dada akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Nimeileta kwa sababu mjomba alisema, kwa ujumbe wa sauti, "Usinitumie picha, mjomba. Picha haina ukucha." Na kweli, jana jioni kitu cha kwanza alichofanya ni kupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye nundu zote 16, moja moja, bila kusema neno. Alipofika hii hapa, akacheka.

Sasa tuanze mwanzo, maana komenti ni zile zile: gari gani, umetumia kiasi gani, kwa nini usiweke injini mpya.

Gari ni Chevrolet Nova ya mwaka 1973, milango miwili, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Wamarekani hayo huyaita magari ya misuli: gari la kawaida la familia, limetiwa injini kubwa kuliko linavyohitaji. Ila yangu misuli ilikuwa imelegea. Ilitoka kiwandani na kabureta ya matundu mawili na nguvu za farasi 145. Lita 5.7, farasi 145! Kijana mmoja wa Masasi aliandika kwamba basi nimeuziwa mkweche. Hapana. Mpaka mwaka 1971 viwanda vya kule vilitangaza nguvu ya injini ikiwa uchi, haina ekzosi yake wala mzigo wowote. Kuanzia 1972 wakaanza kupima ikiwa imevaa kila kitu, kama inavyokaa garini, namba zikashuka. Halafu General Motors walikuwa wameshapunguza mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda mwaka 1971 ili injini zikubali petroli isiyo na madini ya risasi. Kwa hiyo yangu haikuwa mbovu. Ilizaliwa mwaka mbaya.

Bajeti ya kuirudishia nguvu injini hiyo hiyo ilikuwa dola 1,500. Kwa hela ya hapa ni zaidi ya milioni tatu na nusu, najua, mtu ananunua pikipiki na chenji inabaki. Lakini kule, kwenye mambo ya injini za V8, hiyo ni hela ya kuchekwa.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu gereji hii kwanza. Mimi nimejifunza ufundi hapa, na nilianza na zile mashine za mgongoni za kupulizia salfa kwenye mikorosho, za kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Msimu wa salfa zinakuja kumi kwa siku, zote zina tatizo moja: kabureta imejaa uchafu. Na wakati huo kusini tulikuwa kisiwa. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mvua ikishika, barabara ya Dar imekufa. Hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga wenye umri wangu wanakikumbuka vizuri. Sasa wewe fundi wa Mtwara unaagiza gasketi ya Land Rover kutoka Dar. Ukikosea namba, unasubiri meli. Mwenye gari anakuja kila asubuhi anakaa pale kwenye benchi, hasemi kitu, anakuangalia tu. Ndiyo maana mjomba haagizi spea mpaka amepima mara tatu.

Kwa hiyo Nova ilipofika kwangu sikununua kitu. Mwezi mzima. Nilinunua kipima mgandamizo tu. Silinda saba zikasoma kati ya 140 na 150, moja ikasoma 120. Mjomba akaniambia mwagia oili kijiko kimoja kwenye hiyo, upime tena. Kama inapanda, ringi zimechoka, oili imeziba pengo. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu. Haikupanda. Basi, kijiko kile cha oili kiliniokolea zaidi ya nusu ya bajeti, maana kilinieleza kwamba pistoni, ringi na krenkshafti ziko salama, sina haja ya kuishusha injini yote. Hela iende juu tu.

Na juu kuna nini? Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri hata kama huna V8, una Noah yako tu. Injini ni pampu ya hewa. Hedi za zamani kwenye hii 350 zina chumba cha kuchomea cha sisi 76, yaani sentimita za ujazo 76. Mwaka 1996 Chevrolet walianza kufunga kwenye malori yao madogo hedi za chuma zinazoitwa Vortec, kwa injini hii hii ya 5.7. Chumba chake ni sisi 64, na njia za hewa zimechongwa vizuri kuliko zile za zamani. Tofauti ni sisi 12, vijiko viwili na nusu vya chai. Lakini ukiondoa vijiko viwili na nusu vya nafasi kwenye kila silinda, mgandamizo unatoka kama 8.5 kwa moja unavuka 9, na hewa inaingia kwa ulaini. Malori hayo yamejaa kwenye makaburi ya magari kule. Unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe, unalipa mlangoni. Jozi yangu ilikuwa dola 220.

Ila hedi hizo zina ugonjwa wa kupasuka. Kwa hiyo kabla ya kufurahi nilizipeleka kwa mtu wa mashine akazipima kwa sumaku na unga wa chuma: ufa ukiwepo, unga unajipanga juu yake kama sisimizi. Moja ilikuwa na ufa. Nikarudi makaburini kutafuta nyingine, Jumamosi nzima, jua kali, na ninyi mnadhani Ulaya na Marekani kuna baridi tu. Halafu kitu kingine, manifoldi ya zamani, ile inayogawa hewa kwenye silinda, haikai kwenye Vortec, boliti zake nne kila upande zimesimama tofauti na zile sita za zamani. Kwa hiyo manifoldi nyingine. Hiyo sikuipata kwa bei ya kutupa, iliniuma.

Wale mnaouliza kwa nini sikuweka injini ya LS, ile ya lita 5.3 ya malori ya kuanzia mwaka 1999. Ni injini nzuri, sibishi, na yenyewe ni rahisi. Lakini inataka pampu ya petroli yenye presha kubwa, inataka waya zake zote na kompyuta, inataka vishikio vipya, karta nyingine ya oili, ekzosi nyingine. Ni kama kumtoa mwali. Mwali mwenyewe hana gharama, ni mtoto wenu, mnaye ndani. Waulize wazazi wa Newala ngoma na wageni vinakula kiasi gani.

Kabureta nilitafuta Quadrajet iliyotumika, ya matundu manne, mawili madogo mbele, mawili makubwa nyuma. Vijana wa kule wanaiogopa, wanaiita jina baya. Mimi nikaifungua nikacheka peke yangu, ni mashine ya salfa yenye vyumba vingi. Mafuta, hewa, sindano, kijibomba. Imesafishwa, imebadilishwa gasketi, imekaa.

Sasa tumefika kwa marehemu.

Kemshafti ndiyo inayoamua valvu zifunguke lini, kiasi gani, kwa muda gani. Kila mtu anataka kubwa, ile inayofanya gari ingurume kwa kurukaruka likisimama kwenye taa. Nyie wa bodaboda mnaokata ekzosi mnanielewa. Ukikata ekzosi unapata kelele, umbali kati ya hapa na Mikindani unabaki ule ule. Difu yangu ina uwiano wa 3.08, mrefu, haikurupushi gari, na hedi za Vortec bila kuzichonga hazivumilii valvu ziinuliwe sana, kishikio cha springi kinagonga juu ya gaidi, kile kibomba kinachoongoza valvu. Kwa hiyo nilichukua kemshafti ndogo, ya adabu, na tapeti zake mpya, vile vipande vinavyosukumwa na nundu. Hapo nilikuwa na akili bado.

Akili iliniisha siku ya kuwasha.

Kemshafti ya aina hii, tapeti yake inakaa juu ya nundu moja kwa moja, chuma kwa chuma. Chini ya tapeti pana mbinuko mdogo sana na nundu ina mteremko mdogo sana, ili tapeti izunguke inaposukumwa. Ikizunguka wanazoeana. Ikigoma kuzunguka, mmoja anamla mwenzake. Na oili inayolainisha pale hasa ni ile inayorushwa na krenkshafti ikizunguka kwa kasi. Kwa hiyo sheria ni moja: injini ikiwaka tu, ipandishe kwenye mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, iache hapo dakika 20. Usiiache isilensi, ule mzunguko wa polepole. Mjomba alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa kuamkia siku hiyo, ninao mpaka leo: "Usiwashe mpaka umeondoa kila sababu ya kuizima."

Mimi nilikuwa nimealika marafiki. Kuna nyama inachomwa, watu wana simu mkononi wanarekodi. Napiga stata, haishiki. Napiga tena. Kumbe distributa, ile inayogawa cheche, nimeiweka imegeuka nusu mzunguko, cheche inakuja pistoni namba moja ikiwa inatoa moshi badala ya kugandamiza. Napiga stata, ile grisi ya kuanzia inafutika kwenye nundu. Nimerekebisha, ikawaka, watu wakashangilia, na hapo hapo mpira wa rejeta ukaanza kuvuja. Sikuwa nimekaza klipu. Nikaiacha isilensi dakika nne, tano, ninahangaika na bisibisi huku watu wananipiga picha.

Siku tatu baadaye, tik tik tik upande wa dereva, na gari linakohoa kupitia kabureta. Nikakata filta ya oili: inang'aa kama pambo la harusi. Nundu ya ekzosi ya silinda namba tano ilikuwa imelika, valvu haifunguki, moshi unatafuta njia ya kurudi. Hii hapa. Sogea na kamera, kijana. Hii nundu nzima, ina pua. Na hii, imekuwa mviringo kabisa. Nyingine mbili zina makovu.

Ilinigharimu dola 310 zaidi, na wiki mbili za kushusha karta na kuosha kila tundu. Mara ya pili sikualika mtu. Nilijaza bakuli la kabureta kwa mkono. Nilijaza rejeta, nikakaza klipu zote, nikaziangalia tena asubuhi. Nilitia oili yenye zinki ya kutosha, maana oili nyingi za sasa wameipunguza ili isiharibu kichujio cha moshi kwenye magari mapya. Na pampu ya oili kwenye injini hii inazungushwa na mti wa distributa, kwa hiyo unatoa distributa, unashusha mti wa zamani uliofungwa kwenye drili, unazungusha mpaka oili itokee juu kwenye kila tapeti. Ikashika stata ya kwanza. Dakika 20 nimesimama pale, simu iko mfukoni.

Matokeo. Kabla ya kazi nilikuwa nimelipeleka kwenye uwanja wa mbio wa usiku wa Ijumaa, mita 402, likachukua sekunde 17.3, mama mmoja mwenye gari la kubebea watoto akaniacha. Baada ya kazi, sekunde 15.1. Jumla ya hela ni dola 1,810. Nimevuka bajeti kwa dola 310, na mnajua zilikwenda wapi.

Kijana hapa alikuwa anataka kemshafti hii aitengenezee patasi. Mjomba amemkatalia, ni chuma cha kusubu, ukikipiga nyundo kinapasuka. Ameitundika pale ukutani, juu ya benchi la wenye magari, pembeni ya krenkshafti ya Land Rover. Mteja wa leo asubuhi ameuliza ni ya nini. Mjomba akamwambia, "Ya Marekani hiyo," akarudi kwenye kazi yake.

Haya, meza inatakiwa, kuna injini ya Hilux inaingia. Kesho nitakuwa Mikindani, nitawaonyesha ming'oko, vile viazi vya porini, inavyochemshwa, maana mke wangu anadhani natunga.