Vigelegele Asubuhi ya Lucia

MWANA: Kaka Juma, leo nilipanga mambo matatu ya kumwambia mgeni anayeingia baridi yake ya kwanza hapa Uswidi. Ila nianze na yaliyonikuta tarehe 13 Desemba.

JUMA: Lucia, sikukuu ya mwanga ya Waswidi. Binti kaandamana?

MWANA: Kaandamana! Saa moja na nusu asubuhi, nje giza totoro, maana hapa Stockholm sasa hivi jua halichomozi mpaka saa mbili na nusu ipite. Ukumbini taa zimezimwa. Tukasikia wimbo kwa mbali, wakaingia na kanzu nyeupe. Anayeigiza Lucia mbele, utepe mwekundu kiunoni, taji la mishumaa kichwani. Ya betri, ni chekechea. Mwanangu, wa tatu kwenye mstari, kashika taa kwa mikono miwili, hapepesi jicho. Nikapiga vigelegele.

JUMA: Da Mwana! Mle ndani?

MWANA: Vilinitoka. Ukumbi mzima ukageuka, wimbo ukayumba.

JUMA: Hapo hukufanya vizuri, dada yangu. Lucia husikilizwa kimya. Giza, halafu sauti, halafu mwanga. Vigelegele ni sawa na kuwasha taa za ukumbi.

MWANA: Kwetu Pangani mtoto akiingia hivyo anapokewa.

JUMA: Pangani, ndiyo.

MWANA: Basi, baadaye tukala lussekatter…

JUMA: Maandazi ya zafarani!

MWANA: Kila mwaka unasema hivyo! Si maandazi, yameokwa. Mkate mtamu uliokunjwa kama herufi S, zabibu moja kila ncha.

JUMA: Waswidi wanatia iliki kwenye mikate yao mwaka mzima. Mkate wenye iliki, kwangu ni andazi. Na zafarani ni ya biriani. Mama alikuwa akiloweka nyuzi tano, akizihesabu, ananyunyizia wali juu. Hawa wanamimina pakiti nzima kwenye unga!

MWANA: Pakiti yenyewe nusu gramu. Mimi naitwanga na sukari kidogo kwenye kinu, sukari inageuka rangi ya machungwa, ndipo naitia kwenye maziwa ya vuguvugu. Jikoni kunanukia harusi.

JUMA: Harusi ya maandazi.

MWANA: Haya. Lakini vigelegele mwakani napiga tena.

JUMA: Mimi nisingepiga. Wewe unaondoka, mtoto anabaki na wenzake.

MWANA: Unajua aliniuliza nini kwenye basi? "Mama, mbona mama zao hawakupiga?"

JUMA: Ndicho ninachokihofia.

MWANA: Na mimi ndicho kilichonifurahisha. Aliona wenzake wamepungukiwa kitu.

JUMA: Au aliona yeye yuko tofauti. Hapo hatukubaliani, da Mwana.

MWANA: Hatukubaliani.

JUMA: Na zimebaki dakika mbili za kipindi.

MWANA: Yale matatu je? Soksi za sufu, vitamini D, na…

JUMA: Hayatoshi. Niambie tu, maziwa kiasi gani?

MWANA: Nusu lita kwa ile pakiti moja.

JUMA: Jumapili nakaanga.

MWANA: Unaoka, Juma!